Nyundo ya Maji: Siku Tano Katika Milima ya Valais

Kabla ya kusimulia mlima wowote, naomba nianze na sauti. Juu ya mji wa Sion, kusini-magharibi mwa Uswisi, kuna njia ya miguu inayofuata mfereji wa kale wa maji, na kando ya njia hiyo nilikuta gurudumu dogo la mbao lililozamishwa nusu ndani ya mfereji. Maji yanalizungusha, nalo kila linapozunguka huinua nyundo ya mbao na kuiachia ianguke juu ya ubao mkavu. Ko. Kimya kidogo. Ko. Nilidhani ni chombo cha kufukuzia ndege. Baadaye siku hiyo, katika makumbusho ya mifereji yaliyopo kijiji cha Botyre, ndipo nilipoelezwa kazi yake. Mlinzi wa mfereji alilala kibandani akiisikia nyundo ikigonga usiku kucha, naye alilala vizuri, kwa sababu mgongo huo wa nyundo, yaani mlio wake, ulimaanisha kwamba maji yanapita. Kilichomwamsha kilikuwa ukimya. Nyundo iliponyamaza alijua kwamba mfereji umeziba kwa mawe au umebomoka, akachukua taa na jembe akatoka.

Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga kusimama mahali popote katika safari ile, nikairekodi kwa simu.

Mimi ni mtoto wa mfongo, yaani mfereji wa jadi wa Wachaga. Nimezaliwa Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika kihamba chenye migomba, kahawa na mfereji mdogo unaopita nyuma ya zizi. Baba yangu alikuwa miongoni mwa wazee waliosimamia mfongo wetu: aliyejua zamu ya kila nyumba, aliyeitisha msaragambo wa kuzibua matope baada ya masika, na aliyeamua faini ya asiyetokea. Kwa hiyo nilipopata siku tano za mapumziko mwezi Juni 2025, baada ya mafunzo mjini Geneva, wenzangu walipokwenda kutazama maduka ya saa, mimi nilipanda treni kuelekea Valais, jimbo ambalo wasemaji wa Kijerumani huliita Wallis. Nilikuwa nimesoma kwamba huko nako watu huchonga njia za maji kwenye majabali. Nilitaka kuona kwa macho yangu.

Mtu anayetazama picha za Alpi hudhani kwamba nchi yote ile imelowa. Valais ni kinyume chake. Bonde la mto Rhône limebanwa kati ya safu mbili za milima mirefu. Mawingu yatokayo kaskazini humwaga mvua yao upande wa Bern, na yatokayo kusini huishia upande wa Italia, hivyo bonde lenyewe hubaki na takriban milimita 600 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho mkazi wa Dodoma atakitambua mara moja. Juu kuna barafu na theluji tele. Chini kuna jua kali, mizabibu na malisho yenye kiu. Kati ya hivyo viwili hapakuwa na kingine cha kufanya ila kuyaleta maji kwa mkono, na ndivyo wakulima wa huko walivyofanya tangu Zama za Kati. Wenye kusema Kifaransa huita mifereji hiyo bisse, na wenye kusema Kijerumani huiita Suone.

Ninaoujua vizuri zaidi sasa ni ule wa Ayent, uliojengwa mwaka 1442. Mahali paitwapo Torrent-Croix mlima unakatika wima, wala hakuna ardhi ya kuchimba, kwa hiyo wajenzi walitoboa mashimo kwenye mwamba, wakapachika nguzo fupi za mbao zikitokeza nje kama meno, wakalaza juu yake mabirika marefu ya mbao ili maji yatembee hewani. Sehemu hiyo imejengwa upya kwa mtindo wa kale, nawe unapita jirani nayo ukitazama chini, ambako huoni kitu cha kukuzuia iwapo mguu utateleza. Nilijaribu kuwaza mtu wa karne ya 15 akining'inia pale kwa kamba, akigongomelea ubao kwa ajili ya shamba lililo kilomita kadhaa mbele, ambalo pengine hata si lake peke yake. Waswisi wameuheshimu mfereji huu kwa namna ambayo sikuitarajia: picha yake imo kwenye noti ya faranga 100 iliyotolewa mwaka 2019. Nilikuwa nimebeba noti ile mfukoni tangu Geneva bila kujua. Niliitoa, nikaishika mbele ya mwamba wenyewe, nikailinganisha.

Kilichonigusa zaidi ya ujenzi ni utaratibu. Nilipewa nafasi ya kuzungumza na mzee mmoja aliyekuwa akisafisha chujio la matawi kwenye mfereji, naye, kwa Kifaransa cha taratibu alichonihurumia nacho, alinieleza jinsi haki ya maji inavyohesabiwa kwa saa, jinsi zamu inavyozunguka kutoka shamba hadi shamba, na jinsi kila majira ya machipuko wenye haki hukusanyika na majembe kusafisha mfereji kabla ya maji kufunguliwa. Nikamuuliza, na asiyekuja? Akasugua kidole gumba na cha shahada: hulipa. Zamani, haki hizo ziliandikwa kwa alama zilizokatwa kwenye vijiti vya mbao, na vijiti kadhaa vimehifadhiwa hadi leo, kila kimoja na chapa ya familia yake. Nilimweleza habari za mfongo, za zamu ya usiku na ya mchana, za pombe ya mbege inayonywewa baada ya kazi. Alisikiliza akiwa ameegemea reki yake, kisha akaniuliza swali la mtu anayeijua kazi: je, mteremko wenu ni mkali kiasi gani? Maana maji yakikimbia sana hula kingo, na yakitembea polepole mno huacha mchanga. Tulikaa nusu saa kwa swali hilo moja. Desemba 2023 umwagiliaji huu wa jadi, wa Uswisi pamoja na wa nchi nyingine kadhaa za Ulaya, uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Niliposikia habari hiyo nilifurahi kwa ajili yao, na nikaona uchungu kidogo kwa ajili yetu, kwa sababu mifongo ya Uchagani inastahili heshima ileile na mingi inakauka bila hata kuorodheshwa.

Siku ya pili nilipanda basi la njano la posta kuingia bonde la Hérens. Barabara inapita Euseigne, ambako nguzo ndefu za udongo na changarawe zimesimama safu moja, nyingine zikiwa na jiwe kubwa kichwani. Ni mabaki ya udongo ulioachwa na mto wa barafu wa zama zilizopita. Mvua imekula pande zote, lakini chini ya kila jiwe udongo umekingwa kama mtu chini ya mwavuli, na jiwe likianguka nguzo nayo huanza kuisha. Barabara yenyewe imetobolewa katikati ya nguzo hizo.

Mbele zaidi ni Evolène, kijiji cha nyumba ndefu za mbao zilizojengwa juu ya misingi ya mawe, mbao zake zikiwa zimechomwa na jua kwa vizazi vingi hata zimekuwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa. Pembeni mwa nyumba kuna maghala ya nafaka yaliyoinuliwa juu ya miguu, na kati ya kila mguu na ghala limewekwa jiwe bapa la mviringo, pana kama sinia. Panya hupanda mguu, hufika kwenye jiwe, hawezi kutembea kichwa chini, hurudi. Humo ndimo walimohifadhi nafaka ya rai, ambayo mkate wake uliokwa katika tanuri la kijiji mara chache tu kwa mwaka, ukawa unaliwa mkavu kwa miezi. Nilinunua mmoja. Ni mzito, una uchachu, na unashibisha kwa namna ya ugali wa mtama.

Katika duka nilimonunua, bibi aliyeniuzia aligeuka kuzungumza na mjukuu wake kwa lugha ambayo haikuwa Kifaransa. Evolène ni mojawapo ya vijiji vichache ambako lugha ya kale ya kienyeji bado inasikika midomoni mwa watu, na watoto wengine bado huipata nyumbani. Mtoto alijibu kwa lugha ileile, bila kusita. Niliwaza watoto wa dada yangu walioko Dar es Salaam, ambao hukielewa Kichaga cha bibi yao na kumjibu kwa Kiswahili.

Nilikuwa nimeelekezwa kuja wiki ile kwa sababu moja: ng'ombe wanapanda mlimani. Ng'ombe wa Hérens ni wafupi, weusi au hudhurungi iliyokolea, wenye kifua kipana na paji la uso gumu, na majike wao wana tabia ambayo sijaiona kwa ng'ombe wengine wowote. Makundi ya wafugaji mbalimbali yanapokutanishwa kwenye malisho ya juu mwanzoni mwa kiangazi, majike huanza kutafutana wao kwa wao ili ijulikane nani ataongoza. Hakuna anayewachokoza. Nilishuhudia wawili wakisimama uso kwa uso, wakichimba ardhi kwa kwato mpaka udongo ukawarukia mgongoni, wakakoroma, kisha wakagonganisha vichwa kwa mlio wa mbao na kusukumana bila haraka, shingo zimevimba, kengele zikiwa zimenyamaza kwa sababu hakuna aliyetikisika. Ilichukua kama dakika mbili. Mmoja akageuza kichwa na kuondoka zake, na mshindi hakumfuata. Alianza kula majani. Atakayebaki bila kushindwa huitwa malkia, na wenyewe humvika maua kichwani wanaposhuka naye mwishoni mwa majira. Yapo pia mashindano rasmi, na fainali yake hufanyika Aproz karibu na Sion, lakini nafurahi kwamba niliona ya malishoni.

Kwetu ng'ombe hukaa zizini na majani ndiyo yanayopanda: mama zetu wameyabeba kichwani kutoka tambarare kwa miaka nenda rudi. Kule majani hukaa mlimani na ng'ombe ndio wanaopanda kuyafuata, hatua kwa hatua, kadiri theluji inavyoyeyuka, na jibini la kiangazi chote hutengenezwa hukohuko juu. Jioni ile wafugaji walitukaribisha. Nusu ya gurudumu la jibini iliwekwa karibu na makaa, upande uliokatwa ukitazama moto. Uso wake ulipoanza kutoka jasho na kulegea, mpishi aliukwangua kwa kisu kirefu, tabaka moja tu, likateleza juu ya sahani yenye viazi vilivyochemshwa na maganda yake. Hiyo ndiyo raclette, na jina lenyewe linatokana na kule kukwangua. Huletewi sahani iliyojaa. Unaletewa kidogo, unakula, unasubiri zamu yako irudi, na katika kusubiri huko ndimo mazungumzo yanamokaa.

Siku ya tatu nilikwenda kuona bwawa la Grande Dixence, katika bonde la jirani, kwa sababu nilitaka kujua maji yale yanatumikaje leo. Ukuta wake una kimo cha mita 285, zaidi ya mara mbili ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, na husimama kwa uzito wake wenyewe. Ulijengwa kati ya 1950 na 1961. Nilipanda juu nikatembea kutoka ncha hadi ncha, upande mmoja ziwa la kijani lililotulia, upande mwingine utupu. Maji yake hukusanywa kutoka mitoni mwa barafu 35 kwa mahandaki yenye urefu wa takriban kilomita 100, mengine yakianzia mabonde ya Zermatt. Ni mfongo uleule, nilijisemea, ila umechimbwa ndani ya mlima na kumwagilia taa badala ya mashamba.

Zermatt nayo nilifika, nisingeweza kukaa siku tano Valais nisiuone mlima Matterhorn. Ni mji usioruhusu magari ya petroli, umejaa hoteli na watu, na bei zake zilinifanya nile mkate wangu wa Evolène kwenye benchi. Mlima wenyewe, mita 4,478, ni mzuri kweli kama wanavyosema, umesimama peke yake kama jino. Lakini nilichokaa nacho zaidi ni kipande cha kamba kilichomo katika makumbusho ya mji. Tarehe 14 Julai 1865 watu saba walifika kileleni kwa mara ya kwanza, wakiwemo Mwingereza Edward Whymper na waongoza wapanda milima wa Zermatt, Taugwalder baba na mwana. Wakati wa kushuka mmoja aliteleza, kamba ikakatika, wanne wakafa. Ni kamba nyembamba, ningeiona dukani ningeinunua ya kuanikia nguo. Miaka 24 baadaye Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria aliyeijua Alpi hii, alisimama pamoja na Hans Meyer juu ya Kilimanjaro, mita 5,895, na wapagazi na viongozi wa kwetu waliowawezesha kufika huko wametajwa kwa uchache mno katika habari zilizoandikwa.

Siku ya nne ndipo nilipofika mahali ambako maji yote haya huanzia. Kutoka bondeni unapanda gari la kebo hadi Bettmeralp, kijiji kisicho na magari, kisha lingine hadi Bettmerhorn, unatembea hatua chache, na Aletsch uko chini yako. Ndio mto mkubwa kuliko yote ya barafu katika Alpi, takriban kilomita 20 kwa urefu, unashuka kwa kupinda mpindo mmoja mpana, na katikati yake una michirizi miwili myeusi ya mawe inayokwenda sambamba kutoka juu hadi chini kama alama za magurudumu ya lori kwenye matope. Michirizi hiyo ni mawe ya kingoni yaliyokutana pale matawi ya juu yanapoungana, mahali paitwapo Konkordiaplatz, ambako unene wa barafu hufikia takriban mita 800. Eneo lote limo katika Urithi wa Dunia tangu 2001. Hakukuwa na upepo. Nilisikia maji, ingawa sikuyaona. Yalikuwa yakipita ndani ya barafu.

Mwaka 1678 watu wa vijiji vya chini, Fiesch na jirani zake, waliweka nadhiri kwa Mungu ili barafu isiendelee kukua, kwa sababu ziwa lililojikusanya kando yake lilikuwa likipasuka na kufagia mashamba yao. Waliomba hivyo kizazi hadi kizazi. Kisha barafu ikaanza kurudi nyuma, ikarudi kweli, na katika miaka yetu hii wakaomba ruhusa Vatikani waigeuze dua. Ruhusa ilitolewa mwaka 2010, na sasa huomba barafu isiishe. Sijui habari nyingine inayoeleza mabadiliko ya tabianchi kwa ufupi kuliko hiyo. Nikiwa pale juu watu walizungumza kwa sauti ya chini kuhusu Blatten, kijiji cha bonde la Lötschental, upande wa pili wa milima. Tarehe 28 Mei, wiki chache tu kabla ya safari yangu, mto wa barafu wa Birch uliporomoka pamoja na mawe yaliyokuwa yameulemea, ukafukia karibu kijiji chote. Mto Lonza ukazibwa na kuzamisha nyumba zilizosalia. Wakazi takriban 300 walikuwa wamehamishwa siku chache kabla, kwa sababu mlima ulikuwa ukipimwa kila siku na waliopima walisikilizwa. Mtu mmoja alipoteza maisha. Lötschental ndiko wanakovaa vinyago vya mbao vya Tschäggättä, vyenye meno ya ng'ombe na manyoya ya kondoo, kila Februari kabla ya Kwaresima, na mwanamke aliyeketi karibu nami aliniambia kwamba jambo la kwanza lililomjia alipoona picha lilikuwa vinyago vilivyokuwa darini mwa nyumba zile.

Kilimanjaro nayo imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912. Watu hunihurumia kwa hilo wakidhani kwamba ndiyo inayokausha mifongo yetu. Maji ya mifongo hutoka zaidi kwenye msitu, kwenye ukungu na mvua inayonaswa na miti ya juu, kwa hiyo msitu ukichomwa au kukatwa tunaumia hata kama kilele kingebaki cheupe. Na mfongo hufa kwa sababu nyingine pia: vijana tumeondoka. Msaragambo unaitishwa, wanakuja wazee wanane.

Usiku wa mwisho, nikiwa nimerudi Sion, nilimtumia Baba picha zote kwa WhatsApp, pamoja na sauti ile ya siku ya kwanza. Nilitegemea atauliza kuhusu ng'ombe. Alinipigia baada ya robo saa.

"Hiyo inayogonga ni nini, mwanangu?"

Nikamweleza. Gurudumu, nyundo, mlinzi, ukimya.

Alinyamaza kidogo. "Inagonga usiku kucha?"

"Usiku kucha, Baba, ilimradi maji yanapita."

"Na gurudumu lina mapana gani? Mabawa mangapi?"

Sikuwa nimehesabu. Aliniambia nirudi nikahesabu, kwa sababu fundi seremala wa jirani yetu ana mbao za mruka zilizokaa bila kazi tangu mwaka jana. Treni yangu ya Geneva ilikuwa saa sita mchana. Nilipanda basi la kwanza asubuhi, nikateremka, nikatembea hadi mferejini. Sikuwa na futi, kwa hiyo nilifungua kamba ya kiatu, nikaizungusha kwenye gurudumu, nikafunga fundo pale ilipofikia, na kwa kamba ileile nikapima mpini wa nyundo na unene wa ubao. Mabawa yalikuwa manane. Maji yalinilowesha hadi viwikoni, baridi ya kuuma mifupa, na nyundo ikaendelea kugonga karibu na sikio langu wakati wote nilipokuwa nikipima.